Nimechoka Kubebwa: Barua ya Wazi kwa Wakubwa wa Treni za Dar es Salaam

Wakubwa zangu mnaopanga, mnaojenga na mnaoendesha treni za abiria katika jiji hili,

Shikamooni.

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea Kariakoo, naishi upande wa Ukonga, na natumia kiti mwendo tangu utotoni, polio iliponipitia. Cherehani yangu ni ya umeme, kwa kuwa pedeli na mimi hatukujaliwa kuelewana. Nawaandikia futi ikiwa shingoni, na mtaona huko mbele kwamba futi hii ndiyo iliyoanzisha barua.

Kulikuwa na asubuhi ya mvua. Daladala zimejaa, bajaji zimepandisha bei, nikajisemea leo nipande treni. Stesheni gani na treni ya nani sitataji. Nikitaja, mtamhamisha stesheni masta wa watu, na ngazi zitabaki palepale.

Kutoka barabarani hadi jukwaani palikuwa na kokoto. Mwenye miguu hazioni kokoto. Magurudumu madogo ya mbele ya kiti changu yalizama humo kama kisigino cha bi harusi kwenye mchanga, na kijana mmoja ikabidi anivute kinyumenyume mpaka nikafika. Treni ikaingia. Mlango ukasimama mbele yangu, lakini juu, na kati yangu na mlango kuna ngazi tatu za chuma zilizolowa.

“Tumbebeni mama!” akapaza sauti mtu.

Wakaja wanne. Mmoja akashika gurudumu, kitu ambacho kazi yake ni kuzunguka. Wawili wakashika mikono ya kiti. Sasa, mikono ya kiti mwendo cha kukunja huchomoka. Imetengenezwa hivyo makusudi, ili mtu aweze kuhamia kitandani kwa ubavu, na anayekijua kiti hashiki hapo hata siku moja. Mkono wa kulia ukachomoka. Kijana akabaki ameuinua juu kama nahodha aliyekabidhiwa kombe, na mimi nikalalia bega la mzee nisiyemjua, khanga imepanda magotini, behewa zima linatazama. Wa nne akanidaka kwapani. Nikaingia hivyo hivyo.

Watu wakapiga makofi.

Nimeyafikiria sana yale makofi. Wale wanne walikuwa watu wema na niliwaombea dua kutoka moyoni, mmoja wao alichafua shati la kazini kwa ajili yangu. Lakini tazameni upande wenu ilivyokuwa. Treni iliondoka. Hakuna abiria aliyeachwa, hakuna malalamiko yaliyoandikwa, hakuna aliyepiga simu popote. Kwenye daftari, asubuhi ile ilikuwa shwari. Wema wa watu wa Dar es Salaam uliwasitiri, na ndivyo unavyowasitiri kila siku. Kila tunapobebwa, ngazi zenu zinaonekana hazina tatizo. Jiji lingekuwa na watu wenye roho mbaya, wanaopita bila kutugusa, mngekuwa mmeshajenga zamani.

Kisha kondakta akapita kukusanya nauli. Nikamnyooshea noti. Akasema, “Wewe mama, basi tu, kaa.” Najua alinihurumia. Nikamwambia pokea, akakataa, jirani yangu naye akanikonyeza ninyamaze nifaidi. Waheshimiwa, nauli ile nilitaka kuilipa. Aliyelipa ana mdomo: anaweza kusema mbona mlango mwembamba, mbona ngazi, nirudishieni hela yangu. Aliyepandishwa bure anaulizwa na nani? Ukishapewa sadaka hulalamiki kwamba imekuja kwenye kisahani kidogo. Napendelea mnitoze kama wenzangu, halafu niwadai kama wenzangu.

Kurudi jioni kulikuwa kugumu zaidi. Saa kumi na moja watu wanagombania mlango, na mbebaji wa asubuhi jioni naye anatafuta kiti. Na kuna jambo ambalo nitaligusa mara moja tu. Mwanamke anayebebwa hachagui mikono. Wengi wanakushika ili wakunyanyue. Wapo wanaokushika. Katika msukosuko ule huwezi kujua ni nani, na ukijua huwezi kusema, kwa sababu unabebwa na wewe ndiye unayetakiwa kusema asante. Wenye mabinti wamenielewa.

Juma lililofuata nilirudi pale na mtoto wa jirani, nikamwachia futi apime. Futi ya ushonaji ina sentimita 150. Tangu jukwaani hadi kwenye sakafu ya behewa alipata 84. Nilimrudisha apime tena, akapata 84.

Hapo ndipo nilipoacha kukasirika nikaanza kupiga hesabu. Mafundi ujenzi sehemu nyingi duniani wanatumia kipimo cha moja kwa kumi na mbili: ukitaka kupanda sentimita 1, njia ya mteremko iende mbele sentimita 12. Ukiizidisha makali, kiti kinarudi nyuma na aliyekikalia. Basi sentimita 84 zinataka mteremko wa mita 10 na ushee, kama nusu ya behewa. Kwa hiyo atakayekuja ofisini kwenu kuwauzia vibao vya kuegemeza mlangoni, na najua atakuja, muulizeni kibao cha mita 10 kitabebwa na nani. Tatizo liko kwenye jukwaa. Liko chini sana.

Wala silaumu waliobuni mabehewa yale. Reli ya Kati ilianza kujengwa hapa Dar mwaka 1905 chini ya Wajerumani, ikafika Kigoma mwaka 1914. Ni reli ya safari ndefu, na behewa la safari ndefu linasimama hata mahali ambapo hakuna jukwaa, kichakani, mtu anashuka na kuku wake moja kwa moja kwenye udongo. Ngazi zile zilikuwa na maana. Treni za mjini zilipoanza Oktoba 2012, zile tulizoziita treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, tulipewa mabehewa ya zamani yaliyokarabatiwa, na ngazi zikaja nazo. Lakini treni ya mjini haisimami kichakani. Inasimama palepale kila siku, mara kadhaa kwa siku. Mahali pa kusimama pakishajulikana, ngazi haina kazi tena.

Na msiniambie kwamba mambo haya ni ya Ulaya. Mwendokasi imekuwa ikikimbia katika jiji hili tangu 2016, na kituo chake kimejengwa kikalingana kimo na sakafu ya basi. Dereva akililaza basi karibu na ukingo, naingia. Peke yangu. Mara ya kwanza nilipoingia hivyo nilikaa nikasubiri mtu aje kunisaidia, kumbe nilikuwa nimeshafika ndani. Halafu ikaja SGR, ile reli mpya ya kisasa, safari za Morogoro zikaanza Juni 2024 na za Dodoma mwezi uliofuata, na stesheni ya Dar yenye paa la umbo la tanzanite ina lifti. Niliipanda lifti ile mara mbili, mara ya pili bila safari yoyote, nilikuwa nazoea tu. Kwa hiyo ujuzi mnao. Msichokuwa nacho, kama naruhusiwa kukisia, ni mazoea ya kuukumbuka kabla zege halijamwagwa.

Hapo ndipo ninapotaka tukae tuzungumze kidogo, kwa sababu kila mwaka tunasikia habari za reli mpya za kuzunguka jiji. Mimi sijui mtazijenga lini. Ila najua kuhusu nguo. Gauni likikatwa dogo hakuna fundi wa kulirefusha, utatia kiraka, na kiraka kitaonekana na kitagharimu kuliko kitambaa cha mwanzo. Majiji makubwa ya dunia leo yanashona viraka.

New York ilifungua treni zake za chini ya ardhi mwaka 1904. Ina stesheni 472. Baada ya watu wenye ulemavu kuwafikisha mahakamani, waendeshaji walikubali mwaka 2022 kwamba asilimia 95 ya stesheni zitakuwa zinafikika ifikapo 2055. Piga hesabu: miaka 151 tangu siku ya kufunguliwa. Mtoto anayezaliwa leo huko na miguu kama yangu ataenda shule, ataolewa, atapata mvi za kwanza akiisubiri lifti ya mwisho. London ilitangulia, 1863, na kati ya stesheni 272 za treni ya chini ya ardhi ni kama theluthi moja tu unazoweza kuingia bila ngazi. Paris ilianza mwaka 1900, na katika njia zake zote za metro za siku nyingi, inayofikika mwanzo hadi mwisho ni ya 14, ile iliyofunguliwa 1998. Kwa njia ile haikuwa bahati. Ilichelewa tu kuzaliwa, ikachorwa wakati watu wameshaambiwa. Sisi nasi tumechelewa kuzaliwa katika mambo ya reli za jiji. Kwa mara moja kuchelewa kwetu kuna faida.

Lakini hata kiraka kizuri si nguo. Uingereza kimo cha kawaida cha jukwaa ni sentimita 91.5 kutoka kwenye reli, na bado sakafu za treni nyingi ziko juu ya hapo, kwa sababu treni za aina nyingi zinagawana njia. Basi wana utaratibu: unatoa taarifa mapema, mfanyakazi anakuja na ubao wa kukunja, unapanda, na huko unakoshukia mwingine anakungoja na ubao wake. Utaratibu mzuri. Agosti 2024 Tanni Grey-Thompson, aliyeshinda medali 11 za dhahabu za Paralimpiki na ambaye ni mjumbe wa baraza la juu la Bunge lao, aliwasili King's Cross, London. Hakuna aliyekuja na ubao. Alisubiri, abiria wote wameshashuka, mwisho akajitoa kwenye kiti na kujiburuta hadi jukwaani. Nilipoisoma habari ile nilijikuta nimeshika mkono wa kiti changu, ule wa kulia. Mtu mwenye dhahabu 11 na kiti bungeni, na safari yake nzima ilining'inia kwenye kumbukumbu ya mfanyakazi mmoja. Mkinipa ubao na mtu wa kuuleta, mmenibadilishia wabebaji tu. Hawa wana sare.

Ninachoomba ni kimo kimoja. Jukwaa na sakafu ya behewa vikae sawa, kama mwendokasi. Marekani, kanuni za sheria yao ya mwaka 1990 zinataka treni mpya za mijini pengo kati ya mlango na jukwaa lisizidi sentimita 7.6, na tofauti ya kimo isizidi milimita 16. Milimita 16 ni kama kifungo cha mkono wa koti. Chagueni namba yenu, iandikeni kwenye zabuni ya mabehewa na kwenye zabuni ya majukwaa, namba ileile, mahali pote pawili. Najua inaonekana jambo dogo mno kuandikiwa barua. Lakini anayenunua mabehewa na anayejenga stesheni mara nyingi si mtu mmoja, kila mmoja na mkataba wake na mhandisi wake, na mimi ndiye ninayekutana nao wote wawili mlangoni.

Kwa reli za zamani, ambazo hamwezi kuzivunja kesho, kuna njia ya katikati. London wameinua sehemu fupi tu ya jukwaa katika baadhi ya stesheni, nundu hasa, inayolingana na milango ya mabehewa mawili matatu, na treni inasimama milango ile ikiangalia nundu ile. Kwetu nundu ingekuwa ya zege, na mteremko wa mita 10 unaopanda kwa ubavu wa jukwaa, na alama ya rangi ya kumwonyesha dereva asimame wapi. Behewa moja tu lipanuliwe mlango. Kiti changu kina upana wa sentimita 66, mlango wa sentimita 80 unanitosha na nafasi ya vidole inabaki. Zege, mchanga, kokoto (hizo mnazo nyingi, nimezipitia), na mafundi wa hapa hapa. Anzeni na stesheni mbili, moja ya mjini na moja ya pembeni ya jiji. Ya mjini peke yake hainisaidii. Nikipanda ni lazima kuna mahali nitashuka, ingawa ni ajabu jinsi jambo hili linavyosahauliwa.

Nundu hiyo itawafaa wengi zaidi yangu. Asubuhi ile ya mvua nyuma yangu alikuwepo mama mwenye ndoo mbili za samaki na mtoto mgongoni. Alikuwa anaangalia zile ngazi kwa macho ninayoyajua.

Lifti nazo. Stesheni ya kwenda juu ikiwa na lifti moja, ni stesheni yenye lifti mpaka siku inapoharibika. Wekeni mbili, na jenereta iwe imeunganishwa nazo, kwa sababu wote tunaishi mji huu na tunajua umeme wetu. Na ikiharibika, tangazeni kabla sijatoka nyumbani. Mwenye miguu akikuta lifti mbovu anapanda ngazi akilalamika. Mimi nakaa pale nikihesabu watu wanaopita.

Kuhusu haki sitaandika mengi, mnao wanasheria. Nchi iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 9 inataja usafiri waziwazi, na mwaka uliofuata Bunge likapitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010. Mimi nimeshona sare za wanafunzi waliozaliwa mwaka ule. Sasa wanakuja kupimwa sare za sekondari.

Kuna ombi la mwisho, na hili halina gharama. Mnapokwenda kukagua stesheni mpya, tualikeni kabla zege halijakauka. Siku ya uzinduzi hatuna kazi, tutakaa tu mstari wa mbele tupigwe picha, tupewe maji ya chupa na fulana. Tuiteni wakati bado kuna vumbi na mhandisi ana penseli sikioni. Atakuja asiyeona, atakuja kiziwi, nitakuja mimi. Kila mmoja wetu atagundua kosa ambalo wengine hawakuliona, na fundi atalirekebisha kwa mwiko badala ya kulivunja kwa tindo.

Nipo Kariakoo siku zote isipokuwa Jumapili. Asubuhi yoyote mtakayoichagua, mkubwa mmoja kati yenu aje tukutane katika stesheni atakayoitaja yeye, saa kumi na mbili na nusu, wakati watu wanaenda kazini. Asilete waandishi. Nauli yangu nitalipa mwenyewe. Futi nitakuja nayo, yeye ashike ncha moja chini jukwaani, mimi nimsomee namba.

Wenu,
Abiria, fundi cherehani wa Kariakoo